Askari wa Miguu na Aliyebaki Nyumbani
(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia)



Ndugu wanakamati, ndugu wafadhili wetu,

Tumeombwa kuzungumza juu ya familia ambazo baba yuko mbali. Tumeona tuanze na wazee wetu waliopigana Vita Kuu ya Pili katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya.

Kutoka Tanganyika peke yake waliandikishwa watu wapatao 87,000. Wengine walijitolea, wengine walichukuliwa kwa lazima. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa vitani Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar. Askari wa miguu waliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, wakipigana na Wajapani. Mwezi Desemba waliingia Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Wakiwa na makabila mengi, walielewana kwa Kiswahili.

Huku nyumbani mke alilima, aliuguza watoto na kutunza wakwe. Sehemu ya mshahara wa mume ilipitia ofisi ya Bwana DC. Asiyejua kusoma alimtafuta mtu wa kumwandikia barua, nayo barua ikapita kwa wakaguzi wa jeshi. Neno la mke kwa mumewe halikuwa siri yao wawili.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini wengi walisubiri meli hadi 1946. Malipo yao ya kuagwa yalikuwa madogo kuliko ya Mzungu wa cheo kilekile. Wengine hawakurudi kabisa. Katika makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, upo ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wamo. Jamaa zao hawakupata hata kaburi la kupalilia.

Ndugu zetu, askari alikuwa na namba, mshahara na medali. Mkewe hakuwa na namba. Hakuwa mjane, wala hakuwa na mume wa kumsaidia. Hata leo, katika orodha zetu za misaada, mara nyingi ipo safu ya wajane na safu ya yatima. Mama ambaye mumewe yuko mgodini, au katika ulinzi wa amani nchi za nje, hana safu. Tunampita mlangoni tukisema, "Huyu ana mume."

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila jumuiya iongeze safu hiyo, na mjumbe amtembelee mama huyo kabla hajalazimika kuja kuomba. Pili, mwezi Novemba tunapowaombea marehemu, tuwaulize wazee majina ya waliokwenda Keya wasirudi, tuyaandike katika kitabu cha parokia na kuyasoma kanisani. Watoto wao sasa ni wazee, tusingoje.