Mteja wa "Niongezee Kidogo Tu"

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana baada ya taraweh)



Ndugu zangu na dada zangu, leo tuzungumze juu ya riziki. Wengi wetu hatukuajiriwa. Huyu achora kadi za harusi, yule atengeneza tovuti, mwingine ana cherehani yake na Idi ikikaribia hana usingizi. Na sote twamjua mteja wa "niongezee kidogo tu".

Mwaelewana tovuti ya kurasa 5, siku 10, shilingi 20,000. Wafika katikati, asema: "Hapo niwekee na picha za duka." Wanyamaza, waweka. Kesho ataka nembo. Keshokutwa: "Si umfunze na kijana wangu wa dukani kuitumia?" Siku 10 zimekuwa 25, na pesa ni zile zile. Piga hesabu: ulianza kwa shilingi 2,000 kwa siku, umemaliza kwa 800, na bado hujatoa nauli wala pesa za intaneti.

Je, mteja huyu ni dhalimu? Mara nyingi sivyo. Yeye hajui kwamba hizo picha zakula usiku mzima. Ajuaye ni wewe, na wewe ndiye uliyenyamaza. Kisha wanuna, simu hupokei, kazi waichelewesha. Yeye asema vijana hawana uaminifu, wewe wasema matajiri ni wachoyo. Udugu umevunjika kwa jambo la mazungumzo ya dakika tano.

Dini haikutuacha gizani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, yahusu kuandikiana madeni. Na mafakihi, katika mlango wa ijara, wameshurutisha kazi ijulikane na ujira ujulikane, kwa sababu kisichojulikana huzaa ugomvi. Na wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tufanyeje?

Kwanza, andika. Kwa kazi ndogo, ujumbe wa simu watosha: kazi ni hii, hiki na hiki hakimo, siku kadhaa, bei kadhaa, marekebisho mara 2. Mwambie ajibu "nimekubali".

Pili, pokea malipo ya kwanza kabla hujaanza. Yakipitia M-Pesa, kumbukumbu yabaki.

Tatu, akiongeza, usikatae wala usinyamaze. Sema: "Naam mzee, yawezekana. Hiyo ni shilingi 3,000 na siku 2 zaidi. Nianze?" Iwe kabla hujaigusa. Kumaliza kazi kisha kumshtua mtu kwa bei asiyoikubali, hiyo nayo ni dhulma.

Nne, ukipenda kumfanyia bure, mfanyie, na umwambie ni hadiya. Hadiya ijulikanayo huleta mapenzi. Ukiitoa kisha ukainung'unikia mwezi mzima, umeiharibu mwenyewe.

Mtasema: "Na akiwa ni ami yangu, je?" Hapo ndipo uandike zaidi! Mteja wa barabarani akikasirika, mwaachana. Ami mtakutana naye kila harusi na kila maziko.

Na akikataa kulipa? Anzeni na wazee, mpatanishwe. Ikishindikana, Kenya tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Yasikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Zile jumbe zako ndizo ushahidi.

Mwisho, nasi pia ni wateja. Ukimpa fundi akushonee kanzu ya Idi, usimwongezee koti usiku wa mwezi kuandama kwa bei ile ile. Jasho lake ni kama lako.

Allah atujaalie riziki ya halali na ndimi za kusema wazi. Amin.