Armistisi na amnisti si neno moja



Baada ya mkutano mmoja, mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma sheria, yule mtu aliyetufukuza mwaka 2013 amepewa armistisi. Basi shamba langu limekuwa lake?"

Alitaka kusema amnisti. Sikumcheka. Maneno haya mawili tumeyapata kwa Wafaransa, Waingereza nao wanayo, na katika redio yanapita masikioni kama mapacha. Kumbe hayakuzaliwa na mama mmoja.

Armistisi limetoka Kilatini: silaha zimesimama. Ni hilo tu. Vita kuu ya kwanza ilisimamishwa kule Ufaransa tarehe 11 Novemba 1918. Lakini ng'ambo yetu, Zambia, habari ilichelewa. Tarehe 13 Novemba jeshi la Wajerumani lilikuwa linateka Kasama! Jenerali wao, Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25. Na Korea silaha zilisimama mwaka 1953, lakini mpaka leo hakuna mkataba wa amani. Sisi wenyewe tunajua. Mapatano ya Lusaka ya kusimamisha mapigano yalitiwa sahihi Julai 1999. Desemba 2000 vita ikaingia hapa Pweto, watu wakavuka kwenda Zambia.

Amnisti limetoka Kigiriki, maana yake kusahau. Mwaka 403 kabla ya Kristo, watu wa Athene walikuwa wamepigana wao kwa wao. Wakaapa kutofufua makosa ya zamani. Lakini wale watawala thelathini waliowatesa hawakuingizwa katika kiapo hicho. Angalieni: hata hao wa kwanza hawakusahau yote.

Sheria yetu ya amnisti ya tarehe 11 Februari 2014 inahusu uasi, matendo ya vita na makosa ya siasa, kuanzia 1 Januari 2006 hadi 20 Desemba 2013. Aliyeitaka aliandika na kutia sahihi yeye mwenyewe kwamba hatarudia. Akirudia, inamtoka. Aliyebaka, aliyetesa watu, aliyeingiza watoto jeshini, aliyefanya mauaji ya kimbari au jinai za vita, huyo haimo kwake.

Na sasa jibu la mama yule. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba haiondoi haki ya aliyeumizwa kulipwa, wala kurudishiwa mali yake, iwe ya kubeba au nyumba na ardhi. Serikali ndiyo iliyokubali kusahau kosa la kushika silaha. Mama hakuombwa asahau shamba.

Kwa hiyo ninyi wakubwa wa vijiji, mtu akiwaletea karatasi ya amnisti, ipokeeni, naye akae bila kusumbuliwa kwa kosa lililosamehewa. Lakini msiisome kama karatasi ya shamba. Juu ya shamba, waiteni wanaojua mipaka, msikilize pande zote mbili, na mkishindwa wapelekeni tribinali.

Mama alisema majirani wawili waliolima kando yake wangali hai, mmoja yuko hapa hapa mjini. Tulikubaliana kuanza na huyo.