Bunduki Nyuma ya Nyumba

Jioni hii twataka kuzungumza habari ya bunduki. Si bunduki ya vita wala ya windo, bali ile itolewayo ndani siku ya mapumziko, mwenyewe akajaribu shabaha yake kwa mchezo nyuma ya nyumba. Jambo hili limetugusa sisi wenyewe huku Lushoto.

Jumamosi moja wanafunzi wawili walitujia mbio, wamebeba ndoo tupu. Walikuwa wakipita njia ya kwenda mtoni, mara wakasikia mshindo, na majani ya mgomba yakararuka juu ya vichwa vyao. Tukapanda hata nyumba iliyo juu ya njia ile, tukamkuta mwenyewe, mtu mwungwana anayeheshimiwa, ameweka debe juu ya kisiki mwisho wa ua, na vijana wamemzunguka wakimsifu. Bunduki yake ilikuwa ya marisaa, aliyopewa ruhusa kwa ajili ya nguruwe mwitu waharibuo mahindi. Tulipomweleza, alitujibu kwa adabu, "Mwalimu, leseni ninayo, na kiwanja ni changu. Kosa langu li wapi?"

Swali lake si la kipumbavu. Yafaa lijibiwe.

Tuanze na kiwanja. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, na mtu hupata haki ya kuikaa na kuitumia. Lakini hata kama ingekuwa mali yake mwenyewe, risasi haijui mpaka. Risasi ya bunduki ndogo kabisa ya milimita 5.6, yenye uzito usiofika gramu 3, yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ni kiambo cha nani chenye upana huo? Na milima yetu ya Usambara ina hatari yake zaidi, maana huku mtu hukaa juu ya paa la jirani yake. Ukisimama mwisho wa ua na kutazama mbele, huoni kitu ila anga. Kumbe chini ya anga hiyo mna matuta ya viazi, na akina mama wanapalilia. Kadhalika risasi ikipiga jiwe hugeuka na kwenda isikotazamiwa.

Ama leseni, sheria inayotawala ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1991. Mwombaji huanzia kwa serikali ya kijiji chake, maana majirani ndio wamjuao kama ni mlevi au mgomvi. Kisha habari zake hupanda mpaka polisi. Leseni hiyo ni ya mtu kwa jina lake. Mwanawe hana ruhusa ya kuichezea, wala mgeni aliyekuja kula pilau. Wala haimwondolei mwenyewe wajibu wa kuangalia wengine, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, humtia hatiani atendaye kwa pupa au uzembe jambo la kuhatarisha maisha ya watu. Si lazima damu imwagike. Majani yale ya mgomba yangetosha kumfikisha mbele ya hakimu.

Wako tena wasio na leseni kabisa, walioachiwa gobori na babu zao, nao hudhani kwamba kitu cha kale hakina sheria. Bunduki hairithiwi kama jembe. Wazee wa Usambaa wajua silaha zilivyoivuruga nchi hii. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufa mwaka 1862, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, kule chini uonako ukisimama Irente, penye njia ya misafara. Akapata bunduki kutoka pwani, na ufalme wa Vugha ukavunjika kwa vita vya ndugu. Mwaka 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia bunduki mpya zisiingie Afrika, ila zile za gumegume ziliachiwa mlango kidogo. Mwaka 2023, mwezi wa Septemba na Oktoba, serikali ya Tanzania ilitoa msamaha kwa kila aliyesalimisha kwa hiari silaha asiyo na kibali nayo.

Hatusemi kwamba mchezo wa shabaha ni mbaya. Ni mchezo wa heshima, wataka pumzi tulivu na mkono usiotetemeka, na umo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Athens mwaka 1896. Lakini wenye mchezo huo wana uwanja wao. Nyuma ya shabaha pana tuta refu la udongo. Wapigaji wote husimama upande mmoja. Na mmoja wao hutoa amri ya kupiga na amri ya kuacha. Debe juu ya kisiki, na nyuma yake bonde zima, huo si uwanja.

Jirani yetu yule alitusikiliza mpaka mwisho, akashuka pamoja nasi hata njiani, akautazama mgomba ule muda mrefu bila kusema neno. Debe aliliondoa jioni ileile. Bunduki angali nayo, nao nguruwe hawajaisha.