Mtoto Mmoja Haandikwi Mara Mbili



Si wachache kati yetu wenye watoto na wajukuu huko Marekani. Mume na mke wakitengana huko, ugomvi wao huvuka bahari ukatufikia kwa simu, nasi hutakiwa tuamue shauri ambalo sheria yake hatuijui. Moja la mashauri hayo ni hili: ni nani mwenye haki ya kumwandika mtoto katika karatasi za kodi?

Sisi tumezoea kusema kwamba mwenye kumlisha ndiye mwenye haki. Sheria ya Marekani haisemi hivyo. Yenyewe huhesabu usiku. Mzazi ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka ndiye mlezi. Mama mwenye usiku 183 humshinda baba mwenye 182, hata kama baba hutuma fedha za matunzo kila mwezi. Hesabu ikilingana, haki humwendea mwenye kipato kikubwa zaidi. Wala si hoja kama wazazi walipata kuoana.

Jambo hili si dogo. Kwa mwaka wa 2025, unafuu wa kodi kwa mtoto aliye chini ya miaka 17 ulifika dola 2,200. Wazazi wote wawili wakimwandika, Idara ya Kodi huwataka wajieleze, na aliyekosea hurudisha fedha pamoja na riba.

Hata hivyo, mlezi aweza kumwachia mwenzake unafuu huo kwa hiari, kwa kutia sahihi Fomu 8332. Haki nyingine za mlezi, kama vile ruzuku ya wafanyakazi wa kipato kidogo, hazihami pamoja nao. Hati ya talaka iliyotolewa baada ya 2008 haishiki mahali pa fomu hiyo. Tena mtoto alelewaye hapa Kenya kwa nyanya yake, asiye raia wala mkaazi wa Marekani kisheria, hawezi kuandikwa na yeyote kati yao.

Kwa hiyo twawashauri, ndugu wanachama: simu ikija, tusianze kuuliza nani alituma fedha nyingi. Tuulize mtoto alilala wapi, na karatasi iliyotiwa sahihi iko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena tuwakumbushe wazazi hao kwamba fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya mtoto. Wala yeye hakutengana na mtu.