Kiongozi wa Kazi na Ajifunze Kwanza Kusikia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano wa Mwaka, Garissa)



Nimeombwa niseme juu ya mazoea yanayomfaa mtu aliyewekwa mbele ya wenzake kazini. Cheo mtu hupewa siku moja, kwa barua. Lakini uongozi haumo ndani ya barua ile. Hujengwa siku kwa siku. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani si haki kuwaonya wengine huku nimeficha aibu yangu.

Mwaka wa 1997 nalikuwa msimamizi wa shamba moja kando ya Mto Tana, hapa Garissa. Nalikuwa kijana mwenye cheti. Mlinzi wa pampu alikuwa mzee asiyejua kusoma. Jioni moja, mvua za El Nino zilipokwisha kuanza, alinijia akasema, "Mwanangu, maji yamegeuka rangi, nayo yanachukua magogo mazima. Tuipandishe pampu usiku huu huu." Nikamjibu mbele ya vibarua kwamba kazi yake ni kulinda, si kutoa amri. Vibarua wakacheka.

Usiku ule mto ukapanda. Asubuhi hapakuwa na pampu, wala migomba ya upande wa chini. Watu waliotegemea ujira wa shamba lile wakakaa bila kazi. Yule mzee hakunilaumu. Alitwaa jembe akaanza kuondoa tope. Kimya chake kiliniuma kuliko matusi. Siku ya tatu nikawakusanya vibarua wale wale, nikamwomba radhi mbele yao. Kwa kuwa nilimvunjia heshima hadharani, haikufaa nimwombe radhi sirini.

Tangu hapo nimejilazimisha mazoea matatu.

La kwanza ni kusikiliza kabla ya kuamuru. Kila asubuhi humwuliza kwanza aliye chini kabisa, nami husema mwisho. Maana mkubwa akitangulia kusema, ni wachache watakaothubutu kumpinga.

La pili ni kujihesabu jioni. Katika daftari ndogo huandika: leo nimemdhulumu nani, na nani nimemwahidi jambo nisilolitimiza?

La tatu, nalo ni zito kwetu sisi wenye koo nyingi, ni kutowapendelea jamaa. Ndugu yangu akitafuta kazi kwangu, humwomba mtu mwingine ampime.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo. Basi natuwakumbuke jirani zetu wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilipigana huko, hata wanawake wakaogopana sokoni. Bibi Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka wa 1964, pamoja na wanawake wenzake wa koo mbalimbali, hawakuanza kwa kuwashtaki wazee. Walianza na nafsi zao: sokoni kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake. Ndipo wakawaendea wazee kwa adabu. Wazee wa koo ndogo wakasaidia kuwakutanisha wale wa koo kubwa, na mwaka wa 1993 mapatano ya Al Fatah yakafanyika. Mwaka wa 1995 kazi hiyo ikaingizwa katika kamati ya amani na maendeleo ya wilaya, naye Bibi Dekha akawa katibu wake. Mwaka wa 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, itolewayo Sweden. Alifariki Julai 2011 kwa sababu ya ajali ya gari. Alipoanza hakuwa na cheo cha kuwaamuru watu; alikuwa na sikio la kuwasikia.

Wahenga walisema, mkubwa ni jaa. Kila taka hutupwa kwake, naye hustahimili. Enyi vijana mlio wasimamizi, mkiambiwa kosa lenu msikunje uso. Nanyi Wazee wetu, msituonee haya kwa ajili ya vyeti vyetu. Tuambieni mapema, maji yangali mbali. Yule mlinzi aliniambia mara moja tu. Natamani angalikuwa mtu wa kusema mara mbili, lakini kosa la kutosikia lilikuwa langu.