Tangazo la Bunge Limefungiwa Mandazi

Juzi alfajiri pale steji ya Kangemi, Nairobi, nilinunua mandazi mawili. Nilipoyamaliza nikasoma kipande cha gazeti nilichofungiwa: tangazo la Bunge, likiomba maoni ya wananchi kuhusu mswada. Doa la mafuta lilikuwa limekaa juu ya tarehe ya mwisho. Nililipangusa, siku ilishapita.

Hilo ndilo linalonichosha. Sheria inatungwa tumenyamaza, kisha tunaipigia kelele kwenye dirisha la malipo hospitalini. Mama mmoja anayeuza sukuma aliambiwa alipe bima ya afya ya mwaka mzima kwa mpigo, shilingi 3,600 ukihesabu 300 kwa mwezi, naye riziki yake ni ya leo kwa leo. Mswada wa bima hiyo ulipokuwa Bungeni mwaka 2023, mama, ulisema nini? Kimya. Nawe wa ofisini unayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara, ulisema nini?

Msiniambie eti hatusikizwi. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu iliziharamisha sheria tatu za afya, zikiwemo ile ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima hiyo, na ile ya afya ya kidijitali inayogusa nani atasoma siri za ugonjwa wako. Sababu mojawapo: umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi, SHA ikaanza Oktoba. Hayo tuwaachie mawakili.

Mimi nina neno na wewe unayekwenda kwenye kikao cha maoni kwa ajili ya soda na nauli, ukaondoka kifungu cha pili hakijasomwa. Na wewe unayelalamika WhatsApp usiku kucha: Karani wa Bunge anayepokea maoni hayumo katika kundi lenu!

Kiingereza kinakushinda? Ibara ya 120 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge. Andika kwa mkono: taja kifungu, eleza kinakuumiza wapi, sema unataka kibadilishwe vipi. Ukishuka mjini kwenda soko la Marikiti, Bunge haliko mbali na njia yako.

Tena hata sheria ikishapita, Ibara ya 119 inamruhusu yeyote kuliomba Bunge liirekebishe. Yule mama nilimpa kalamu. Akaanza: “Mimi nauza sukuma. Sina mshahara. Nataka kulipa kila wiki.” Akauliza kama hayo yanatosha.

Yanatosha, mama. Sasa yapeleke.