Ugonjwa wa Sukari, Kabila na Kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni)

Ndugu wanachama,

Leo hatukuja kusema juu ya mishahara, bali juu ya kitu kinachoula mshahara baada ya kulipwa, nacho ni ugonjwa wa sukari, yaani kisukari.

Wapo wasemao, "Hayo ni maradhi ya matajiri wa Nairobi. Mkamba aliyelelewa kwa muthokoi na pojo hayampati." Wengine husema kabila fulani lina damu mbaya. Maneno hayo yana punje ya kweli ndani ya gunia la makapi. Basi na tuyapepete.

Chakula kingi tulacho hugeuka sukari na kuingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, nalo hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari milango ya misuli ipate kutumika. Milango ikiwa mizito, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Hali hiyo sisi wafanyakazi twaijua: ni ovataimu isiyo na malipo. Mtu atavumilia miaka mingi, lakini siku moja atashindwa. Kongosho likishindwa, sukari hujaa katika damu, na hicho ndicho kisukari cha namna ya pili.

Je, miili ya watu wote hufanya kazi sawasawa? Sivyo. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya pamoja vipimo vya watu zaidi ya 3,800. Waliona kuwa watu wenye asili ya Afrika milango yao ni mizito na insulini yao ni nyingi. Watu wa Asia ya Mashariki milango yao ni myepesi na insulini yao ni kidogo. Wazungu wako katikati. Kwa hiyo mtu wa Asia ya Mashariki aweza kuugua kongosho likipunguza kazi kidogo tu, hata akiwa mwembamba. Sisi nasi, milango ikizidi uzito kidogo tu, kwa unene au kwa kukaa kitako mchana kutwa, kongosho hudaiwa kazi nyingi mno. Kila nyumba ina ufa wake.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Kenya kati ya Wakamba, Wajaluo na Wamasai. Huko mashambani Wamasai ndio waliokuwa na mafuta mengi mwilini, lakini waliolemewa zaidi na sukari walikuwa Wajaluo. Basi unene peke yake hauelezi yote. Lakini tazameni hesabu hii: mashambani wenye kisukari walikuwa 2.2 katika kila watu 100. Mjini Nairobi walikuwa 12.2. Mtu atokaye Mwingi au Wote kwenda Nairobi huenda na damu yake ile ile. Kinachobadilika ni kazi, chakula na mwendo wa miguu.

Wala mji hauko Nairobi tu. Umetufuata kwa njia ya lami mpaka Makindu na Mtito Andei. Dereva hukaa juu ya kiti kutwa, mlinzi hukesha kwa chai ya sukari tele, karani hula mandazi na soda kwa kuwa hakupewa nafasi ya kula chakula cha maana. Huo si uvivu wa mfanyakazi; ni namna kazi ilivyopangwa.

Hatari kubwa ni ukimya. Hesabu iliyofanywa nchini mwaka 2015 ilionyesha kuwa karibu watu wazima 9 katika 10 hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja. Ugonjwa huu waweza kukaa mwilini miaka bila kelele. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi, kukonda, macho kufifia, kidonda cha mguu kisichopona: hizo ni dalili za kwenda kwa daktari upesi. Wapo wenzetu wanaoficha kwa kuogopa kufukuzwa kazi, mpaka mguu ukakatwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Ndugu, sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini, akileta cheti cha daktari, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Sheria hiyo hiyo yakataza kumbagua mtu kwa kabila lake. Mwajiri asije akatwambia, "Kabila lenu ni la wagonjwa."

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo matatu: kupimwa sukari na presha mahali pa kazi kila mwaka, na majibu yawe siri ya mwenyewe, saa ya kula isiyoguswa, pamoja na nafasi ya mgonjwa kutumia dawa yake, na mgonjwa apewe kazi anayoiweza badala ya barua ya kufukuzwa.

Nasi wenyewe tutembee, tupunguze sukari katika chai, wala tusiudharau mtama, kunde na mbaazi za mama zetu. Aliye na mzazi mgonjwa na atangulie kupimwa.

Kongosho halina chama cha kulitetea. Basi sisi na tuwe chama chake.

Umoja ni nguvu.